Nani Alizihesabu Ajali Tisini

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu,

Leo ni miaka mitatu, miezi minne na siku sita tangu nitoke nyumbani. Hesabu hiyo siikosei, naichora nyuma ya mlango wa kabati, mistari minne na wa tano unaikata.

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Mwambie dada yangu magoti ayafanyie mazoezi kama alivyoelekezwa, aache kubishana na daktari. Mimi ni mzima. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu kina vitanda vinane na masikio kumi na sita, na jambo lenyewe silitaki mdomoni mwa kila mtu.

Ghalani tulipata ajali mwezi wa kumi na mbili. Rafu namba kumi na nne, ya chuma, ndefu kuliko nyumba yenu, iliinama mbele ikamwaga paleti za vigae. Mwenzetu mmoja alikuwa chini yake. Hakufa, lakini mkono wa kulia umeharibika. Mguu wa rafu hiyo ulikuwa umepinda tangu mwezi wa nane. Tulimwambia nyapara, akasema ataandika. Sijui aliandika wapi, labda kwenye maji.

Sasa ofisi imeleta karatasi inayosema sababu ya ajali ni uzembe wa mfanyakazi. Wanataka mwenzetu atie sahihi. Akitia, anapewa ruhusa na tiketi ya kurudi kwao, na jina la mzembe linamfuata mpaka kaburini. Asipotia, anakaa hapahapa akifagia kwa mkono mmoja. Mpaka leo hajatia. Kila Jumatatu nyapara anamletea ile karatasi na kalamu, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

Wewe uliniambia umepewa kazi ya kupanga upya somo fulani hapo chuoni. Nieleze ni somo gani, nami nijue kazi inayokupa mshahara. Mwandiko wangu usiucheke. Kalamu hii tulipewa bure na wauza rangi, inavuja.

Mimi mjomba wako.

Tarehe 6 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani wiki tatu na imefika ikiwa imekunjika kama imelaliwa. Mama hajambo. Magoti anasema yamepona, ila ngazi anapanda akiwa ameshika ukuta. Mimi mzima. Mpe pole sana huyo mwenzenu. Hukusema ni yupi, wala kama ana watu wa kumhudumia.

Somo lenyewe ni hivi. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza husoma kozi ya kuzungumza mbele ya watu. Kila mmoja anatoa hotuba, na kila hotuba lazima itaje vyanzo vitano, yaani maandishi matano alikotoa maneno yake. Kwa hiyo mwalimu wao huniletea darasa zima maktabani kwa saa moja. Watu arobaini, kompyuta kumi na mbili. Nawaonyesha kutafuta kitabu, nawaonyesha kutafuta makala, nawaonyesha namna ya kuandika orodha mwishoni. Saa imekwisha, wanaondoka.

Wiki inayofuata wanarudi mbio, hotuba wameshaandika, wananiambia, "Dada wa maktaba, tutafutie vitano vya kubandika." Hawatafuti kujua. Wanatafuta vifungo vya kushonea shati walilokwisha kulivaa. Nimelalamika mwaka mzima, na sasa mwalimu wa hotuba ameniambia nilipange upya kabla ya muhula wa mwezi wa tisa.

Kuna jambo nataka ulijue kutoka kwangu. Hotuba iliyopata alama za juu muhula huu ni ya msichana mmoja aliyezungumzia usalama kazini. Anaongea vizuri, sauti yake inatulia kila mahali panapotakiwa. Alisema kati ya ajali mia moja za maghalani, tisini husababishwa na uzembe wa wafanyakazi wenyewe. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikakukumbuka.

Mpwa wako.

Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Nashukuru kwa habari za nyumbani. Huku joto limezidi, na bomba la maji la chumba chetu linatoa matone kama linalia kwa zamu. Mwenzetu bado hajatia sahihi.

Hizo ajali tisini ni nani aliyezihesabu? Nakuuliza wewe kwa sababu huyo binti hayupo hapa nimuulize. Miaka mitatu nimo ghalani. Nimeona ajali kumi na moja. Sijawahi kuona mtu amekuja na daftari kuniuliza ilikuwaje. Alikuja fundi kutengeneza rafu, akaja mtu wa kufagia vigae. Mwenye daftari hajaja. Sasa huyo aliyepata tisini kamili, wala si themanini na tisa, alikuwa amesimama wapi? Na nyinyi wenye vitabu vyote hivyo mkampigia makofi.

Usinichukie. Niliacha shule darasa la sita na sijui kazi yako. Lakini nitakwambia yangu. Mzigo ukija, dereva anakuja na hati inayosema maboksi mia mbili, yote mazima. Mgeni wa kazi anatazama ya juu, anaona yamenyooka, anatia sahihi. Sisi wa siku nyingi tunavuta boksi la safu ya chini, la katikati, lile linalobeba wenzake wote. Tunafungua hilo. Kama hilo ni zima, tunaamini hati. Kama limepondeka, dereva anaanza kukohoa na kutazama saa.

Hao wanafunzi wako wanahesabu maboksi ya juu. Vitano, haya, pita. Wape neno moja tu, washuke nalo mpaka chini kabisa, kwa mtu aliyeona kwa macho yake. Wakimkosa, wasilibebe.

Mjomba wako.

Tarehe 28 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama alikuwa na homa siku nne, sasa anakula na anagomba, kwa hiyo amepona. Anauliza kwa nini siku hizi hupigi simu ya picha. Nimemwambia mtandao wenu ni mbovu. Sijui kama nimesema kweli.

Barua yako niliisoma mara tatu, halafu nikafanya jambo ambalo sasa sina uhakika nalo. Mkuu wa maktaba ana fomu yake ya kupima vyanzo. Ina maswali matano, kila moja alama mbili. Mwandishi ana shahada? Imechapishwa? Ina takwimu? Ni ya karibuni? Lugha yake ni ya kitaalamu? Anataka fomu hiyo ndiyo iwe somo jipya, basi. Nilitaka kumwonyesha ubovu wake. Nikachukua makala aliyotumia yule msichana, na barua yako ya mwezi wa pili, ile ya rafu. Niliziba salamu na habari za Mama. Nikawapa darasa zima wazipime zote mbili, na mkuu akiwa amekaa nyuma.

Makala ilipata kumi. Wewe ulipata mbili, kwa kuwa barua yako ni ya karibuni.

Nilidhani watashtuka. Kijana mmoja alisema, "Huyu hana takwimu, ana hasira." Mwingine akasema mwandiko peke yake unatosha kumkatia alama. Nikawauliza, "Lakini kati ya hawa wawili, nani alikuwepo rafu ilipoanguka?" Mmoja akasema, "Fomu haijauliza hilo, dada." Mkuu akatikisa kichwa kwa furaha. Akaniambia tukiwa tunatoka kwamba fomu imefanya kazi yake.

Mpwa wako.

Tarehe 25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nafurahi kwamba mama yako amepona. Sina habari nyingine za kukupa kwanza, nitasema lililonikaa kooni.

Barua nilikuandikia wewe. Nilikwambia sitaki jambo hili liwe mdomoni mwa watu wanane, ukalipeleka kwa watu arobaini. Ukawapa na kalamu nyekundu wanikate. Hukuniuliza. Ungeniuliza labda ningekubali, labda ningekataa, lakini ingekuwa ni mimi. Umeziba salamu, ukaacha jeraha. Nikutume dukani uninunulie chumvi, urudi umeuza kiatu changu, halafu uniambie ulikuwa na nia njema?

Nyapara wetu kila Jumatatu anasema neno la mfanyakazi halina uzito mbele ya karatasi. Nilikuwa namwona mjinga. Kumbe kuna chuo kinafundisha hivyo, na kina fomu yake. Alama mbili. Ningejua ningeandika kwamba nina shahada, maana hamkuwa na swali la kunikamata.

Na mwandiko wangu uacheni. Mwandiko una sababu zake.

Mwenzetu amepunguziwa muda. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Asipotia sahihi mpaka hapo, wanaijaza bila yeye, na tiketi hapati.

Sijui nimalizie vipi. Msalimie dada yangu.

Tarehe 20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe. Sina la kujitetea. Nimejaribu kuandika sentensi inayoanza na "lakini" mara sita, zote nimezichana. Barua zako nimezitoa ofisini, ziko nyumbani kwangu kabatini, na nikitaka kumwonyesha mtu hata mstari mmoja nitakuomba kwanza. Mama hajambo. Hajui lolote.

Fomu ya mkuu nimeacha kuitumia. Ameniita ofisini kwake mara mbili. Badala yake nimefanya ulivyosema: neno moja, mpaka chini. Aliyekubali kujaribu wa kwanza ni yule msichana wa hotuba. Nilimwambia, "Chukua tisini yako, twende nayo." Siku tatu tulikaa meza moja, yeye akiandika kila hatua kwenye daftari. Hotuba yake ilitoka kwenye makala. Makala ilitoka kwenye kijitabu cha chama cha wenye maghala, kile chenye nembo ya funguo mbili zilizopishana. Kijitabu, ukurasa wa thelathini na moja, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, kinasema tisini imepatikana kwa kuhesabu fomu za ajali zinazojazwa na maghala wanachama. Hapo tukakwama. Tuliandika kuomba kuona fomu hata moja. Wamejibu kwa mstari mmoja: ni za ndani.

Msichana alikasirika kuliko mimi. Alisema, "Nilipigiwa makofi, na sijui nilisema nini." Mwalimu wa hotuba alipoliona lile daftari lake la siku tatu alikubali kunipa wiki tatu badala ya saa moja, kwa madarasa mawili ya majaribio. Mkuu anapinga. Anasema wanafunzi wa hotuba wanafundishwa kusema, si kupeleleza. Ameniambia nimletee mfano mmoja uliofika mwisho kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Nisipouleta, anarudisha fomu.

Na kuna jambo jingine. Siku ile ya darasa, msichana huyu alikuwa na barua yako mkononi. Jana aliniuliza, "Aliyeandika alikuwa mtu wa kushoto?" Nikamwambia hapana. Akanionyesha mkono wake mwenyewe, maana yeye huandika kwa kushoto, upande wa kidole kidogo mweusi kwa wino. Akasema, "Wino wake umeburutwa kama wangu. Mkono unapita juu ya maneno kabla hayajakauka. Ila mimi nimezoea, yeye bado."

Nilirudi nyumbani nikatoa barua zako za mwaka jana. Hakuna hata moja iliyoburutwa.

Mjomba, rafu ilimwangukia nani?

Mpwa wako.

Tarehe 15 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Wiki nane sijapata jibu. Ukipigiwa, simu inaita tu. Mama ameanza kuniuliza kwa jicho, bila maneno. Sikuulizi tena swali lile. Niandikie hata kwamba umenikasirikia, nijue upo.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Ukitaka kutia sahihi urudi nyumbani, tia, Mjomba. Hakuna wa nyumbani atakayekuita mzembe.

Mpwa wako.

Tarehe 7 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Nipo. Barua zako zote mbili nimezipata, na simu niliiacha iite makusudi. Ukimya wangu usiupe maana nyingi, nilikuwa na kazi.

Ilimwangukia mjomba wako. Vidole vitatu vya kulia havipo, na vilivyobaki havikunjiki. Kuandika barua ya kwanza kulinichukua Jumapili nzima, na ile ya kukugombeza Jumapili mbili. Sikusema kwa sababu ungemwambia mama yako, naye angelia, angetaka nitie sahihi nirudi. Ningemtii, unajua siwezi kumkatalia. Kisha ukaja wewe mwenyewe ukaniambia nitie. Nilikaa na hiyo barua siku mbili. Hakuna atakayeniita mzembe, unasema. Mimi ningejiita, kila ninapofunga kifungo cha shati.

Sasa sikiliza. Uliponiandikia habari za funguo mbili zilizopishana, nilikumbuka kuziona mahali. Nilikwenda ofisini kwa karani wetu. Ni mama wa makamo, si mtu mbaya, ana macho ya kuchoka kama sisi. Nikamwambia naomba fomu ya ajali ambayo haijajazwa.

"Ya kwako si ninayo hapa, nimeshakujazia?"

"Nataka tupu, mama. Nijaze mwenyewe."

Akafungua droo, akachana moja kwenye kitabu chake. Funguo mbili ziko juu kabisa, pembeni. Jina la mfanyakazi, nafasi tupu. Tarehe, tupu. Sehemu ya mwili, tupu. Nikafika namba sita, sababu ya ajali. Hapo hakuna nafasi. Pamechapwa: uzembe wa mfanyakazi.

Nikamwambia, "Hii si tupu."

Akasema, "Zote ziko hivyo. Zinakuja hivyo kutoka kwenye chama."

"Na rafu ikiwa mbovu?"

"Unaandika chini, maelezo mengine." Mistari miwili.

"Na huko chamani wanahesabu nini, mistari hiyo?"

"Wanahesabu namba sita, baba. Mistari nani ataisoma?"

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nilidhani nyapara ndiye aliyenichukia. Nilidhani alikaa akafikiri, akaandika uongo kwa ajili yangu. Mpwa wangu, hakuna aliyefikiri. Uzembe wangu ulichapwa mtambo ulipochapa funguo. Labda nilikuwa bado niko nyumbani namenya viazi na mama yako, tayari nilikuwa mzembe. Kumbe hata hizo ajali zenu tisini si nyingi. Nashangaa hizo kumi zilizobaki zimeponaje.

Waliniita tarehe ishirini na tisa mwezi wa nane. Meneja, nyapara, na yule mama karani wa kuandika. Nilisimama. Sijawahi kusoma kozi ya kuzungumza mbele ya watu, lakini nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwa hiyo sikupotea. Nikaweka fomu tupu juu ya ile niliyojaziwa. Nikauliza, "Kati yenu watatu, nani alikuwepo rafu ilipoanguka?"

Nyapara akasema, "Hilo si swali la kikao."

"Basi aliyechapa hii, alikuwepo?"

Meneja akazichukua zote mbili, akazitazama muda mrefu, akageuza moja kama anatafuta upande mwingine. Akamuuliza karani, "Zimekuwa hivi tangu lini?" Karani akasema tangu aajiriwe, miaka tisa. Nikaita wenzangu sita waliokuwa mlangoni. Waliingia na mavumbi yao, kila mmoja akasema alichokiona na mahali alipokuwa amesimama, na yule wa mashine ya kunyanyulia akasema tarehe tuliyomwambia nyapara kuhusu mguu uliopinda. Nyapara akaanza kutazama saa.

Meneja akaniuliza, "Unataka nini hasa?"

"Nataka neno hilo litoke."

Akasema haliwezi kutoka, limechapwa. Nikamwambia likatwe basi. Wakabishana wao kwa wao nusu saa kama mimi si mtu. Mwishoni akachukua rula akalipiga mstari, akaandika juu yake kwa mkono wake: rafu namba kumi na nne, mguu mbovu, taarifa ilitolewa mwezi wa nane. Akaweka sahihi yake. Nami nikaweka yangu, kwa kushoto, pole pole, wakanisubiri.

Usinipongeze. Kile kitabu cha fomu kilirudi droo ileile mbele ya macho yangu. Tumerekebisha karatasi moja. Atakayeangukiwa kesho, namba sita yake iko tayari inamngoja. Hilo linanichoma kuliko mkono. Nilimuuliza meneja zilizobaki atazifanyaje, akasema atawasiliana na wahusika. Na wahusika ndio waliochapa.

Ndani ya bahasha hii nimekutia ile fomu tupu. Hii ni yako kutumia, nakupa kwa ruhusa yangu. Mpe mkuu wako aipime. Imechapishwa, ni ya kitaalamu, ina nembo, itapata kumi zake. Halafu mwambie asome namba sita. Na huyo binti mwambie amefika chini. Kama atataka kurudia hotuba yake mbele ya wale waliompigia makofi, jina la ghala alitaje, na langu alitaje. Wengine sita nimewauliza mmoja mmoja. Wanne wamekubali, wawili wana watoto shuleni, waache.

Tiketi nimeshaishika. Naondoka hapa Alhamisi tarehe kumi na sita Oktoba, nategemea kufika Jumapili tarehe kumi na tisa, asubuhi. Uje stendi wewe peke yako. Mama yako nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu naye, mkono ukiwa mezani auone.

Mjomba wako.